Isiolo Haihitaji Mfumo Wake wa Maktaba

Niseme mapema ili atakayekasirika akasirike mapema: Isiolo haihitaji mfumo wake wa maktaba. Wala Marsabit. Wala Wajir, Garissa, Mandera, Tana River na Lamu. Zinahitaji mfumo mmoja wa pamoja, na yeyote anayezizungukia kaunti hizi moja moja akiuza kitu kiitwacho "maktaba ya kidijitali ya kaunti" ni kama mtu anayempelekea mfugaji maziwa ya paketi.

Najua kauli hii hainipatii marafiki katika fani yangu. Sisi waandika programu tunaupenda sana mfumo wa maktaba. Karibu kila aliyesomea kompyuta Kenya ama ameuandika ama amekaa darasa moja na aliyeuandika. Jedwali la vitabu, jedwali la wasomaji, jedwali la mikopo, PHP kidogo, MySQL kidogo, kitufe cha "azima", kitufe cha "rudisha", mhadhiri anatoa alama, mradi wa mwaka wa mwisho umekwisha. Hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza mradi ule unapopakwa rangi mpya, ukawekewa nembo ya kaunti juu kushoto, ukapelekwa kwenye tenda. Nimewahi kuonyeshwa mmoja wa namna hiyo, mahali nisipopataja. Ulikuwa na ukurasa mzima wa picha za wakubwa wakikata utepe. Haukuwa na njia yoyote ya kutoa rekodi za vitabu nje ya mfumo. Yaani habari za kitabu zikishaingia humo zimefungwa humo, mpaka siku mwenye programu atakapokubali kuzifungulia, kwa bei yake.

Sasa, kwa nini nasema mfumo mmoja? Ili tuelewane lazima tuzungumze juu ya kitu ambacho mtu asiyefanya kazi maktaba hakioni kabisa. Kitu hicho ni katalogi.

Kitabu kinapofika maktaba hakiruki chenyewe kikatua rafuni. Mkutubi anakaa nacho. Anaandika jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, namba ya ISBN, anaamua kinahusu nini, anakipa namba ya Dewey, anabandika msimbo pau. Kwa mkutubi makini hii si kazi ya dakika mbili. Kisha fikiria nakala ya kitabu hicho hicho imefika Garissa, nyingine Wajir, nyingine Marsabit, na huko kote kuna mkutubi mwingine anayeandika mambo yale yale upya. Wizara inalipa mara nne, au tuseme tunalipa sisi mara nne, kwa kazi iliyokwisha kufanywa.

Na heri wangeandika sawa! Chukua Ngũgĩ wa Thiong'o peke yake. Tawi moja litamwandika "Ngugi". Jingine "Wa Thiong'o, Ngugi". Jingine litamwandika kwa alama zake zote za Kikuyu. Tawi lenye nakala kuukuu ya miaka ya 1960 litamwandika "James Ngugi", kwa sababu ndilo jina lililoko kwenye jalada. Kwa kompyuta hao ni watu wanne. Mwanafunzi akitafuta mmoja, watatu wanajificha. Vitabu vipo, fedha zilitumika, msomaji anaambiwa havipo.

Ugonjwa huu una dawa, na dawa yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wetu. Katika miaka ya 1960 mwanamke mwandika programu, Henriette Avram, aliongoza kazi katika Maktaba ya Bunge la Marekani iliyozaa MARC, mpangilio wa kuandika rekodi ya kitabu ili kompyuta moja iisome na nyingine iielewe. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo la Ohio viliungana vikaunda OCLC, na mwaka 1971 katalogi yao ya pamoja ikaanza kufanya kazi kupitia waya. Siri yake ni ndogo mno. Wa kwanza kupata kitabu anaandika rekodi, wa pili na wa mia wanainakili. Basi. Ushirika ule wa vyuo vya jimbo moja ndio uliozaa WorldCat, ambayo leo maktaba za dunia nzima zinaichangia.

Na hapa kuna jambo ambalo huwa nikiwaeleza watu wananikodolea macho. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966. Kazi ya ofisi hiyo ni kununua vitabu, magazeti na majarida yanayochapishwa katika ukanda wetu, kuyaandikia katalogi na kuyasafirisha hadi Washington. Kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa Nairobi tayari kina rekodi safi kabisa, na rekodi hiyo unaweza kuivuta bure kwa itifaki iitwayo Z39.50. Unaandika namba ya ISBN, unabonyeza, rekodi inashuka. Halafu mtu anakuja Isiolo na mfumo ambapo mkutubi anachapa kila kitu kwa mkono, herufi kwa herufi, na anaita hiyo teknolojia.

Turudi nyuma kidogo, maana kuna watu wanadhani ushirika wa maktaba ni wazo la Wazungu matajiri. Afrika Mashariki tulikuwa nao. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wengi wanaikumbuka kwa kuchapisha vitabu. Wanasahau kwamba iliendesha pia huduma ya maktaba: masanduku ya vitabu yaliyopelekwa vituoni, na maktaba ya posta, ambapo mtu wa mbali aliletewa kitabu kwa barua na kukirudisha kwa barua. Sisemi ilikuwa taasisi ya malaika. Iliundwa na serikali ya kikoloni, na serikali hiyo ilikuwa na maoni yake juu ya nini Mwafrika asome na nini asisome, hasa miaka ya Mau Mau. Lakini utaratibu wake ulikuwa wa akili: akiba moja ya vitabu, wasomaji wengi, nchi kadhaa.

Mwaka 1960 ikatoka ripoti ya S. W. Hockey kuhusu maendeleo ya maktaba Afrika Mashariki, iliyopendekeza kila nchi iwe na bodi yake. Tanganyika ikatunga sheria yake 1963, Uganda 1964, Kenya 1965, na hiyo ya Kenya ndiyo iliyozaa KNLS, Huduma ya Maktaba za Taifa. Nchi huru kuwa na maktaba yake ni jambo la haki, silalamiki. Ninachokiona ni mwelekeo wa hesabu. Tulianza na akiba moja, tukapata tatu. Kisha Kenya ikapata katiba ya mwaka 2010.

Fungua Jedwali la Nne la katiba, Sehemu ya Pili, kipengele cha 4. Maktaba zimekabidhiwa kaunti. (Zimepangwa orodha moja na kamari, mbio za farasi, leseni za pombe na maonyesho ya video. Sijui aliyepanga orodha hiyo alikuwa anafikiri nini.) Kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, matawi ya KNLS yakaingia katika mvutano wa miaka mingi: jengo ni la nani, mishahara ni ya nani, vitabu vipya anunue nani. Wakati wakubwa wanavutana, hakuna aliyeuliza swali ambalo mwandika programu angeuliza la kwanza: na data je?

Maana KNLS, pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa ushirika ingawa haikujiita hivyo. Bodi moja ilinunua vitabu, ikavitayarisha, ikavigawa matawini. Ukikata kitu hicho vipande 47 unapata idara 47 za ununuzi, tenda 47, mifumo 47 isiyosikilizana. Kugatua maktaba ni sawa. Mtu wa Garbatulla anajua kuliko mtu wa Nairobi maktaba yake ifunguliwe saa ngapi. Kugatua katalogi ni upuuzi, kama kila kaunti kuamua alfabeti yake.

Hesabu ya watu tu inatosha kumaliza ubishi huu. Sensa ya 2019 iliikuta Isiolo na watu 268,002 katika eneo linalozidi kilomita za mraba 25,000. Lamu walikuwa 143,920. Kaunti ya ukubwa huo haiwezi kuajiri mkutubi wa mifumo, mtu wa seva, mtu wa mafunzo na mtu wa kuja saa mbili usiku hifadhidata ikigoma. Ikiajiri atakuwa mmoja, na akipata kazi nzuri Nairobi mfumo unakufa siku anayopanda basi. Sasa jumlisha kaunti saba nilizozitaja juu. Ni watu zaidi ya milioni 3.6. Hapo unaweza kuajiri watu watatu wazuri na kuwalipa vizuri.

Wala sikuziokota saba hizo. Ndizo zilizoanzisha baraza la FCDC, Frontier Counties Development Council, kabla ya kuungwa mkono na nyingine kama Samburu, Turkana na West Pokot. Magavana wake wanakutana na kupiga picha pamoja. Na katiba ile ile, kifungu cha 189, inaruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Kwa hiyo mlango wa kisheria uko wazi. Asiseme mtu sheria haijaruhusu.

Lakini sababu kubwa kuliko zote haiko kwenye katiba wala kwenye sensa. Iko kwenye malisho.

Watu wengi wa Isiolo na jirani zake wanaishi kwa mifugo. Mvua ikikosa Garbatulla, ng'ombe wanasogea kuelekea Merti, kando ya Ewaso Nyiro. Ngamia wanavuka mpaka wa Wajir bila kusoma ramani ya tume ya mipaka. Watoto wengine wanabaki shule za bweni, wengine wanahama na familia, wengine wanarudi baada ya muhula. Mpe mtoto huyo kadi ya maktaba ya "Kaunti ya Isiolo". Amehamia Habaswein na kitabu mkononi, amekimaliza, na anataka cha pili. Katika mfumo wa Wajir yeye hayupo. Kitabu alichoshika hakipo. Hawezi kukirudisha pale, hawezi kuazima kingine, na huko Isiolo mfumo unamhesabia kuwa mwizi. Tumempa mfugaji maktaba ya mkulima.

KNLS wenyewe walilielewa hili zamani. Mwaka 1996 walianzisha Garissa huduma ya maktaba ya ngamia, wakianza na ngamia watatu, na baadaye ikafika Wajir. Dunia nzima ikaja kupiga picha, na mwaka 2007 Mmarekani mmoja akaandika hata riwaya. Watu wanacheka ngamia, lakini wazo lililo mgongoni mwa yule ngamia ni la kisasa kuliko tableti nyingi nilizoziona zimefungiwa kabatini: maktaba inamfuata msomaji. Kadi moja inayofanya kazi kuanzia Isiolo hadi Mandera ni wazo hilo hilo, ila sasa ngamia ni programu.

Programu yenyewe ipo. Hakuna haja ya kuiandika. Mwaka 1999, kule New Zealand, maktaba ndogo za wilaya ya Horowhenua, miji ya Levin, Foxton na Shannon, zilikuwa na mfumo wa zamani uliotishiwa na ile hofu ya mwaka 2000. Mifumo ya kununua ilikuwa ghali na ilidai laini maalumu za mawasiliano ambazo matawi ya vijijini hayakuwa nazo. Wakaajiri kampuni ndogo, Katipo, iwaandikie mfumo unaoweza kupita kwenye waya wa kawaida wa simu kwa modemu. Januari 2000 ukaanza kazi. Wakauachia kama programu huria na kuuita Koha, neno la Kimaori la zawadi, tena zawadi ya kupeana, ile ambayo kesho nawe utarudisha. Hawakuwa watu wa Nairobi wala wa California. Walikuwa maktaba tatu za mashambani zenye intaneti mbovu. Kama hiyo si Isiolo, basi sijui Isiolo ni ipi.

Leo vyuo vingi vya Kenya vinatumia Koha, maana yake kuna wakutubi na mafundi waliokwisha kuijua, hatuhitaji kumleta mtaalamu kwa ndege. Koha inaelewa matawi mengi tangu mwanzo. Inavuta rekodi kwa Z39.50. Inatoa rekodi zako zote kwa MARC siku yoyote unayotaka kuhama. Leseni yake haikudai shilingi.

Wanaoniambia "hiyo ni kwa matawi matatu, haitaweza kaunti saba" waangalie jimbo la Georgia, Marekani. Maktaba za umma za huko zilianzisha PINES mwaka 1999: kadi moja, katalogi moja, kitabu kinaagizwa upande huu wa jimbo kutoka upande ule. Nyingi zilikuwa za miji midogo na mashamba. Zile kubwa za eneo la Atlanta hazikuwamo, kwa hiyo ulikuwa ushirika wa wadogo hasa. Mfumo walionunua ulipowaelemea walitazama sokoni wasipate wa kuwatosha. Mwaka 2004 timu ndogo ya ofisi yao ya maktaba ikaanza kuandika wa kwao, na Septemba 2006 maktaba zaidi ya 250 zikahamia humo. Mfumo huo ni Evergreen, nao ni programu huria. Sisemi tuuchukue. Hapa kwetu Koha ina watu wanaoijua, Evergreen haina. Nasema tu kwamba swali la "itaweza?" lilijibiwa muda mrefu uliopita na watu wa vijijini.

Hata hapa Kenya limejibiwa, ila na vyuo vikuu. Mwaka 1999 vyuo viliunda KENET ili vinunue intaneti kwa jumla badala ya kila chuo kubembeleza kampuni peke yake. Mwaka 2003 ukaundwa ushirika wa KLISC, unaojadiliana na wachapishaji wa majarida ya kielektroniki kwa niaba ya wanachama wote na kugawana gharama. Profesa wa Nairobi anafaidi ushirika wa pande mbili, wa waya na wa majarida. Mtahiniwa wa kidato cha nne pale Merti anaambiwa asubiri kaunti yake inunue seva.

Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Mwaka 1965 ni mwaka wa sheria ya KNLS. Ni mwaka huo huo wa Sessional Paper namba 10, ile hati ya serikali iliyosema fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Kaskazini kukaachwa kusubiri faida ziteremke. Sasa nikisikia kwamba kila kaunti "ijitegemee" kwa mfumo wake wa maktaba, nasikia hati ile ile imevaa suti mpya. Kaunti tajiri itajitegemea. Maskini itajitegemea hadi fedha za mfadhili ziishe.

Na wafadhili nao tusiwaache. Shirika la Book Aid International la Uingereza limekuwa likituletea vitabu kwa miongo mingi. Katika miaka ya 2010 Worldreader walishirikiana na KNLS kupeleka visomeo vya kielektroniki katika maktaba za umma. Ni kazi njema. Lakini mfadhili hapendi kulipia katalogi, kwa sababu katalogi haipigiki picha. Tableti hupigika. Kontena la vitabu hupigika. Kwa hiyo tuna vitabu visivyoonekana kwenye mfumo wowote, na tableti zenye vitabu ambavyo mkutubi hajui vimo.

Haya, mapingamizi.

"Intaneti hukatika." Ndiyo, hukatika, na umeme nao. Koha ina njia ya kuazimisha bila mtandao: tawi linaendelea kurekodi nani amechukua nini, mtandao ukirudi rekodi zinapanda. Katalogi yenyewe, kwa maktaba za ukubwa wetu, inaenea kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Weka nakala kwenye kompyuta ya bei rahisi kila tawi, isasishwe usiku. Msomaji wa Sericho atatafuta kwenye nakala ya jana. Dunia haitaisha.

"Vitabu vitasafirije?" Swali hili linaulizwa na mtu ambaye hajawahi kusimama barabarani Isiolo. Mji huu uko pale njia zinapoachana: moja inapanda Marsabit hadi Moyale, nyingine inaelekea Modogashe, Wajir na Mandera. Miraa inachumwa Nyambene, inapita hapa, inafika mbali kaskazini ingali na maji yake. Mabasi yanabeba godoro, betri za sola, simu zilizokarabatiwa na barua za harusi. Kitabu ni chepesi kuliko vyote hivyo, na hakinyauki kikichelewa siku mbili. Kinachokosekana si gari. Ni mtu aliyekubaliana na kampuni ya basi bei ya mfuko mmoja kwa wiki.

Na kama unataka kuona ushirika wa usafiri ukifanya kazi, nenda kwa akina mama wa Anolei pale mjini. Wanapokea maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji wa mbali, wanayapoza kwa pamoja, wanayapakia kwenye mabasi na yanauzwa Eastleigh. Mama mwenye ngamia wachache hawezi kumiliki jokofu kubwa peke yake wala kubishana na wanunuzi wa Nairobi peke yake. Hawakuhitaji mshauri wa kuwaeleza hilo. Maziwa yanaharibika kwa saa kadhaa na wameyaweza. Sisi tumeshindwa na karatasi.

"Vitabu vitapotea." Vingine vitapotea. Vinapotea hata sasa, tofauti ni kwamba sasa hatujui ni vipi.

"Na vitabu vya lugha zetu?" Hili ni pingamizi zuri, na jibu lake linanipa nguvu. Ukiwa na kitabu cha Kiborana, Kiturkana au Kisamburu, huenda Washington haina rekodi yake, na hata ikiwa nayo, aliyeiandika huenda hakielewi. Hapo lazima tuandike wenyewe. Sasa, mkutubi wa Garissa anayejua Kisomali aandike vya Kisomali kwa niaba ya wote. Wa Isiolo au Marsabit aandike vya Kiborana. Kila mmoja anafanya anachokijua, mara moja, na wengine wote wanapata. Kwenye mifumo saba tofauti, mkutubi asiyejua Kisomali ataandika "kitabu cha Kisomali, jalada jekundu". Msicheke, hayo hutokea.

"Mpaka wetu na jirani haujatatuliwa, vitabu vya pamoja vitakuwa vya nani?" Anayeishi kati ya Isiolo na Meru anajua swali hili si mzaha. Kitabu kitakuwa na muhuri wa tawi lake na msimbo wake, kama ng'ombe mwenye chapa anayelishwa malisho ya pamoja. Kuna chochote hapo ambacho wazee wa kwetu hawajawahi kukisikia?

Pingamizi moja ambalo hakuna anayenitolea, na ninalitoa mwenyewe, ni la siri. Katalogi ya pamoja inamaanisha pia orodha ya pamoja ya nani amesoma nini, katika ukanda ambao vijana wamezoea kuulizwa kitambulisho na kuulizwa tena. Orodha hiyo isiwepo. Koha inaweza kuwekwa ifute jina la msomaji kwenye rekodi ya mkopo kitabu kikisharudishwa. Iwekwe hivyo tangu siku ya kwanza, iandikwe kwenye makubaliano ya kaunti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itajwe kwa jina. Mifumo ile ya tenda sijaona hata mmoja uliolifikiria jambo hili. Yote hutunza kila kitu milele kwa sababu mwandishi wake hakujua kufuta.

Naona kinachozuia si pesa wala si teknolojia. Ni utepe. Gavana hawezi kukata utepe wa seva iliyoko Nairobi, inayotumiwa na kaunti saba, na ambayo hata hataiona. Anataka chumba chenye kiyoyozi, rafu ya kompyuta zenye taa za buluu, na bango mlangoni. Lakini seva si ngamia wa mahari wa kuonyeshwa wageni. Iwekwe penye umeme usiozimika na waya mnene, na nakala ya akiba ikae Isiolo. Gavana apewe utepe mwingine, kwa mfano wa rafu ya kupangia vitabu vinavyosafiri. Nitampigia makofi.

Hatua ya kwanza ni ndogo kiasi cha kuaibisha. Chukua matawi mawili tu, Isiolo na Marsabit, maana lami ya kati yao ilikwisha wekwa na mabasi yanapita kila siku. Toa rekodi zao kutoka popote zilipo, hata kama ni kwenye daftari la mstari au faili la Excel lenye safu zilizopindana. Ziingize kwenye Koha moja. Kila tawi linahitaji kifupisho cha herufi chache: ISL, MST. Unganisha wale akina Ngũgĩ wanne wawe mmoja. Chapisha kadi zisizo na jina la kaunti. Kisha tumeni mfuko wa kwanza wa vitabu Jumatatu, na acheni nafasi ya WJR, GRS na MDR kwenye orodha ya matawi, kwa sababu Wajir watauliza kabla muhula haujakwisha.